Ndoo ya Baba, Barua za Mama

Jumatatu, 2 Oktoba

Leo nimemwona Baba kazini. Si yeye mwenyewe. Yeye yuko kwake, anagombana na wifi kuhusu sauti ya redio. Nimeuona mwandiko wake.

Ilikuwa saa tano hivi. Napitia picha za daftari za hali ya hewa za meli za mizigo, zile za miaka ya themanini. Kurasa zilizochakaa, madoa ya chai, tarakimu tupu. Kwetu meli hazina majina, zina namba. Hii ni 417. Nikafungua ukurasa uliofuata, macho yakakwama. Saba yenye mkanda kiunoni. Nne iliyokaa kama kiti kilichopinduliwa. Nne hiyo naijua! Ilijaa kwenye daftari zangu za shule, pembeni mwa hesabu nilizokosa, na kila mara ilikuja na kofi dogo la kisogoni.

Nikacheka peke yangu kama chizi. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza kulikoni. Huyu tunamwita Bi Boya, maana vipimo vyote vya maboya ya baharini ni vyake. Nikamwambia hamna kitu.

Halafu nikaona rangi ya faili. Nyekundu. Yaani inapendekezwa ifutwe.

Jumatano, 4 Oktoba

Nipange mambo kichwani kwa kuyaandika, maana jana sikulala vizuri.

Kazi yetu ni kujua joto la uso wa bahari zote, tangu zamani hadi leo. Setilaiti huona ngozi tu ya maji, tena kupitia mawingu na vumbi. Za miaka ile zilidanganyika sana. Kwa hiyo tunazisahihisha kwa waliokuwa majini wenyewe: siku hizi maboya, zamani baharia na ndoo yake ya turubai. Anateka maji, anatumbukiza themometa, anasoma, anaandika. Basi.

Meli 417 ilipima baridi. Kwa wastani sifuri nukta nne ya digrii chini ya ukweli, miaka sita mfululizo. Ingekuwa ileile kila siku tungeiongeza tu, yakaisha. Lakini inarukaruka — leo nukta mbili, kesho nukta saba — na hakuna ajuaye kwa nini. Mkuu wetu hapendi kitu kisicho na sababu. Tunamwita Desimali. Nadhani hata sukari ya chai angetaka apimiwe mpaka nukta mbili.

Orodha ya meli za kufutwa inafungwa Ijumaa ya tarehe 20, saa nne asubuhi. Mwenye kutia sahihi ni mimi.

Na njia ile hakupita mwingine! Bi Boya amenionyesha ramani. Ukiifuta 417, kipande kizima cha bahari kinabaki cheupe miaka sita, kinajazwa kwa wastani wa majirani. Ukiiacha bila kuisahihisha, zamani itaonekana ya baridi kuliko ilivyokuwa, na joto la leo litaonekana limeruka zaidi. Kuna watakaofurahi. Lakini uongo unaotusaidia nao ni uongo.

Sijamwambia mtu kwamba 417 ni Baba. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Nitasema kesho.

Jumamosi, 7 Oktoba

Sikusema.

Badala yake nimekwenda kwa Baba. Mdogo wangu yuko safari ya kazi, kwa hiyo nyumbani ni Baba na wifi, na wifi alinipokea mlangoni kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa wa kumpokea zamu. Eti Baba anamsahihisha anavyokunja mashuka! Kibaharia, pembe kwa pembe.

Nilimpata sebuleni. Cheti chake cha mpimaji wa hali ya hewa bado kiko ukutani, juu ya picha yake na Mama. Juu, si pembeni. Mama alikuwa akisema: nimeolewa mke wa pili, mkubwa yuko kwenye fremu.

Nikamwuliza alikuwa anapimaje. Aliketi vizuri. Macho yakamjaa nuru, nikajisikia vibaya maana nilijua ninakotaka kumpeleka. Akanieleza kana kwamba ni jana: unateka mbele ya mashine, si nyuma, maana nyuma kuna maji moto. Unamwaga ndoo ya kwanza ili turubai ilowe. Unateka ya pili. Unaiweka kivulini. Themometa ndani, unasubiri itulie, unasoma kabla hujaitoa.

— Unasubiri muda gani, Baba?

— Dakika moja.

— Wewe ulikuwa unasubiri dakika moja?

Akamtazama wifi, akanitazama mimi, akatazama dirisha.

— Nilikuwa nasubiri mpaka niridhike.

Nilipomwambia kwamba vipimo vyake huenda vikafutwa, aliinuka. Miaka sita ameteka maji kwa mvua na kwa jua, na leo kompyuta inamwita mwongo! Nikasema hakuna aliyemwita mwongo. Akasema kufuta ni nini basi. Wifi akaleta chai na kuongeza sauti ya redio kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Nimerudi nyumbani nikiwa na umri wa miaka minane. Ndivyo ninavyojisikia.

Jumapili, 8 Oktoba

Turubai. Kama ndoo ya turubai ikikaa na upepo unapiga, maji yanatoka jasho kupitia kitambaa, yanapoa. Dakika moja haina neno. Tano — ndiyo hiyo nukta nne. Alikuwa anachelewa kusoma. Akifanya nini?

Asubuhi yote nilizunguka na swali hilo. Saa saba nikaenda kulitoa sanduku la Mama juu ya kabati.

Liko kwangu tangu msiba. Mara mbili nimelifungua, mara mbili nikalifunga kwa sababu ya harufu. Ni sabuni ileile ya bluu, na poda. Leo nilivumilia. Barua zimefungwa kwa utepe, mwaka kwa mwaka. Nazikumbuka zilivyokuwa zikifika! Tarishi anapiga kengele ya baiskeli, Mama anajifanya hakusikia, anamalizia kufua, anakausha mikono taratibu kidole kwa kidole, ndipo anaipokea. Halafu anatusomea jikoni, amesimama, mguu mmoja juu ya mwingine. Kuna sehemu alizokuwa akiruka huku akicheka peke yake. Tukilalamika anasema hapo wino umemwagika.

Nimezisoma leo sehemu zenye wino. Haukumwagika popote.

Barua zimeandikwa vipandevipande, na kila kipande kina tarehe na saa. Cha kwanza nilichokutana nacho: "Saa sita mchana. Themometa imo ndooni. Haya, mke wangu, hizi dakika ni zetu, nikimaliza ni za kampuni."

Nilikaa chini sakafuni.

Baba! Alikuwa anamwandikia Mama juu ya ile ndoo! Kila kipimo, kipande. Maji yanapoa, yeye anaeleza alivyokiota kiuno cha Mama. Miaka thelathini na tisa baadaye setilaiti inalalamika.

Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikalia tu. Nimemkumbuka Mama kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu tumzike.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimehesabu mistari. Chakula cha mchana sikula. Vipande mia mbili na kumi na nne vina tarehe na saa zinazolingana na daftari la meli. Penye mistari michache, kosa ni dogo. Penye mistari mingi, baridi kali. Ukichora grafu inapanda kama ngazi. Sijapata kuona data nzuri hivyo kwa miaka kumi na nane ya kazi hii. Mtu angeniletea kutoka nje ningemshuku.

Lakini kuna pengo. Juni hadi Septemba 1986 hakuna barua hata moja. Nikatazama vipimo vya miezi hiyo. Kosa: sifuri nukta sifuri nne. Yaani hakuna kosa! Miezi minne Baba alisubiri dakika yake moja kama kitabu kinavyosema, akasoma, akaandika, akaondoka.

Halafu 11 Oktoba 1986. Digrii mbili nukta sita chini. Kipimo kibaya kuliko vyote katika faili. Desimali amekiandikia pembeni: "Barafu?" Na barua ya siku hiyo sandukuni haimo. Nimetafuta mara tatu.

Nimebaki na Juni hadi Septemba 1986. Nilikuwa na miaka minane. Najua tulikuwa wapi. Kwa Bibi, mzaa mama, likizo ndefu! Nilijifunza baiskeli. Nililala kitanda kimoja na Mama, kati ya ukuta na mgongo wake, mdogo wangu miguuni. Asubuhi Bibi anapiga mswaki uani akiimba na povu mdomoni. Nikiulizwa lini nilikuwa na furaha kuliko wakati wote maishani, hujibu bila kufikiri: ile likizo.

Likizo gani ya shule huchukua miezi minne?

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nimeambiwa na ndoo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimesema. Niliingia kwa Desimali nikafunga mlango, nikamwambia 417 ni baba yangu mzazi na kosa lake ni barua kwa mama yangu. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akauliza nimejua lini. Nikamwambia tarehe mbili. Akasema basi nimekaa nalo siku kumi na moja, na hizo ni kumi zaidi ya anazoweza kunisamehe, ila ya kumi na moja ananipa.

Sahihi ya 417 nimepokonywa. Atatia Bi Boya. Ni haki, hata sikubisha.

Nikamwonyesha grafu. Akaitazama muda mrefu sana. Akasema mistari si muda — mwingine huandika mbio, mwingine anatafuna kalamu. Anataka kujua mistari mingapi ni dakika ngapi, dakika ngapi ni digrii ngapi. Kabla ya Ijumaa. Na ile Barafu isipoelezeka, grafu nzima itaonekana bahati.

Nikiwa mlangoni akasema: "Niletee dakika. Usiniletee mapenzi."

Bi Boya alikuwa ananisubiri koridoni. Amenuna kwa sababu sikumwambia yeye kwanza. Kisha akauliza kama baba yangu ana mdogo wake asiyeoa.

Jumapili, 15 Oktoba

Imeharibika. Nimeiharibu mimi.

Nilikwenda na sanduku. Nilidhani nikimwonyesha atacheka. Alipouona ule utepe aliuliza jambo moja tu.

— Umezisoma?

— Baadhi, Baba. Nilihitaji saa na tarehe…

— Barua za mke wangu si data.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikajitetea: hakuna atakayesoma maneno, ni mistari tu, ni kuokoa kazi yake ya miaka sita. Akasema kazi yake aifute anayetaka kuifuta, lakini mama yangu hatahesabiwa mistari na watu wa ofisini.

Na mimi, kwa kichwa changu kibovu, nikauliza: na Juni mpaka Septemba?

Wifi aliondoka chumbani bila kuambiwa. Baba akaniambia, akitazama mikono yake. Mkataba wake ulikuwa umeisha, alikuwa arudi nyumbani. Nahodha akamwomba mwaka mwingine, akatia sahihi palepale. Hakumwuliza Mama. Mama alikuja kusikia kwa mke wa mpishi wa meli, sokoni, mbele za watu. Akafunga mizigo, akatuchukua, akarudi kwao. Akamwandikia mstari mmoja: usiniandikie tena mpaka ujue unamwandikia nani.

— Basi nikapima maji, alisema. Nilikuwa sina kazi nyingine ya kufanya pale.

Nikamwambia mimi nakumbuka likizo. Akatikisa kichwa. Akasema Mama alimwapia kwamba watoto hawatajua, na mama yangu alikuwa mtu wa neno lake.

Akaniomba niache sanduku, niende. Nimeliacha.

Jumatatu, 16 Oktoba

Baba hapokei simu. Nimepiga mara sita.

Kazini nimepitia meli nyingine kumi na mbili. Zote zimefutwa bila tatizo. Nilikuwa nafuta kwa kubonyeza tu, miaka yote. Leo kila moja nilijiuliza ni baba wa nani.

Jumatano, 18 Oktoba

Wifi kapiga simu saa mbili asubuhi. Njoo na themometa, baba yako kanichania hema!

Kweli. Ile hema ya turubai ya mdogo wangu. Baba kamshonesha ndoo, kwa vipimo alivyovikumbuka kichwani, na ushonaji umefumuliwa mara mbili kwa kosa la nusu inchi. Nilipofika wote wawili walikuwa barazani, ndoo inaning'inia kwenye kamba ya nguo, feni imeelekezwa kwake, na beseni lina maji ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi.

— Pakiti nzima! wifi alilia. Pakiti nzima ya chumvi!

Baba hakusema habari za Jumapili. Alisema tu kwamba themometa niliyoleta ni ya hospitali ya watoto. Tukateka, tukamwaga, tukateka ya pili. Nikahesabu dakika, yeye akasoma. Sikio lake limechoka lakini jicho la mistari midogo bado ni la mwenyewe. Mara nane tumerudia. Inashuka karibu sifuri nukta moja kila dakika, halafu inapunguza kasi kadiri inavyopoa. Kwa digrii mbili nukta sita inataka dakika thelathini na moja hivi.

Jioni tukianua akasema, bila kunitazama, kwamba barua hazitatoka nyumba hii. Ila kesho atazinakili yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mimi nikae upande wa pili wa meza na saa. Nitajua dakika. Maneno sitayajua.

Nikamwambia nimeelewa. Nilitamani kumkumbatia. Nikabeba beseni.

Alhamisi, 19 Oktoba

Naandika hapahapa mezani kwake. Ni saa tisa na robo alasiri.

Tangu asubuhi tumefanya vipande kumi na vinane. Yeye anachagua, anaweka barua upande wake nyuma ya kitabu cha simu ili nisione, anasema "haya", nabonyeza saa, ananakili, anasema "basi", nasimamisha. Dakika tatu na nusu. Tano. Mbili. Saba na kitu — alipomaliza hiyo alikuwa anatabasamu na kuomba maji. Nimeziweka kwenye grafu. Zinakaa. Haziko mbali hata moja! Nimemwambia. Akasema anajua, alikuwepo.

Kimebaki kimoja. 11 Oktoba 1986. Nikamwambia Barafu haielezeki, barua haimo, pengine Mama aliipoteza.

Akaweka kalamu chini. Akasema Mama hakuipoteza. Hiyo hakuiweka na nyingine. Aliishona ndani ya mto wake akailalia mpaka mwisho, na Baba ndiye aliyeuweka ule mto chini ya kichwa chake siku ya kumzika. Sikujua. Nilikuwepo, nilimvalisha mwenyewe, na sikujua.

Nikasema basi, Baba, yaishe. Kumi na vinane vinatosha, nitamwambia Desimali hicho kimoja hakina ushahidi. Kikifutwa kifutwe.

— Kikifutwa hicho, akasema, vingine vina maana gani?

Akachukua karatasi nyeupe. Akasema ile anaikumbuka. Aliiandika amesimama, ameegemeza daftari kwenye ukingo, bahari tupu, Mungu amsamehe na nahodha asijue. Alipomaliza ndipo alipokumbuka kuna themometa ndooni. Akaisoma ilivyo, akaandika ilivyo. Angeweza kubuni namba nzuri, wenzake walibuni. Hakubuni.

— Haya, akasema.

Nimebonyeza.

Kisayansi haifai hata kidogo, niliandike hilo wazi. Mkono wa miaka sabini na moja si mkono wa miaka thelathini na minne. Kumbukumbu si karatasi. Desimali atanitoa mbio na atakuwa sahihi.

Dakika kumi. Haandiki haraka, lakini hasimami. Wifi kachungulia, kaona, karudi nyuma kwa vidole vya miguu. Kazima redio.

Dakika kumi na tisa. Ukurasa wa pili. Midomo inamtembea. Mara moja amecheka, mara moja amefuta jicho kwa kiganja, kwa hasira, kama mtu anayefukuza mdudu.

Dakika ishirini na saba. Nahesabu naye. Nimejikuta naomba — mimi, mtu wa vipimo! — aseme "basi" kwenye thelathini na moja. Thelathini na moja na kesho saa nne natembea mpaka mezani kwa Desimali kifua mbele.

Thelathini. Bado.

Thelathini na moja. Mkono wangu uko juu ya kitufe. Hajasema.

Thelathini na tatu. Thelathini na sita. Hanitazami kabisa, nadhani amesahau kama nipo. Haiwezi kuwa ileile barua. Ile iliishia huko nyuma, mahali fulani ambapo sikupaona, naye kaipita na anaendelea kumwambia mengine, ya miaka yote ya baadaye, ya hema na chumvi na mimi.

Dakika ya arobaini na moja. Anavuta karatasi nyingine.

Saa sijaisimamisha.